Boti ya Furaha Inaingia Majini Kesho

Baraka, Alhamisi

Usingizi umekataa tena. Kesho Furaha anapanda ile boti.

Huyu Furaha, mutoto wangu, ni injenieri. Anatafuta namna mpya za kuunganisha chuma chembamba kama karatasi, na hapa Baraka hakuna mama mwingine mwenye mutoto kama huyo. Boti ya kubeba wagonjwa ilipasuka chini, akaziba ufa kwa soudure yake mpya, yaani kuunganisha chuma kwa moto. Na kwetu, aliyetengeneza boti ndiye anaijaribu ziwani mpaka kijiji cha Swima.

Leo aliipaka soudure dawa nyekundu, akapangusa, akanyunyiza unga mweupe. "Mama, ufa ukiwepo, wekundu utatokea."

Kilitokea kidoti kimoja. Akakata, akaunganisha upya. Mara ya pili unga ulibaki mweupe, lakini mi bado nakiona kile kidoti.

Sokoni jirani yangu Mama Sifa akacheka: "Kila siku injenieri wako, injenieri wako! Kesho utapanda naye?"

"Nitapanda mbele yake!" nikajibu, bamama wote wakisikia.

Na sijui kuogelea.

Kitenge cha sikukuu nimeshakitoa. Nitakaa palepale penye kidoti. Maji yakiingia, yatanilowesha mimi kwanza.