Mahindi ya Saidi Yaliyokataa Kuchanua

Jumapili, 13 Novemba 2011. Ganshoren, Brussels. Manyunyu tangu alfajiri, mbingu ina rangi ya sufuria kuukuu.

Kwa heshima na taadhima, serikali ya jiko langu inatangaza msiba wa kilo saba za mahindi meupe, uliotokea jana Jumamosi ukumbini, mbele ya wageni sitini, baada ya marehemu kuchemshwa kwa saa tano bila kulainika. Marehemu walinunuliwa barabara ya Chaussée de Wavre wakiwa na afya njema. Vijiko vyote viwekwe chini kwa dakika moja.

Hiyo ndiyo taarifa rasmi. Na taarifa rasmi, sisi tuliotoka tulikotoka tunazijua: si lazima ziwe na uongo, huwa zimepunguzwa tu.

Nianze na mimi, maana tatizo lilianza na mimi. Kazi yangu ya mshahara ni kumenya karoti katika jiko la nyumba ya wazee, ambako chumvi hupimwa kama dawa ya sindano. Lakini watu wetu wa Bujumbura wakiwa na harusi au akika hapa Brussels, sufuria kubwa husimamiwa na mimi. Kwetu Buyenzi pilau ya shughuli ni kazi ya wanaume, na fundi ana desturi yake. Viungo huvitwanga nyumbani, peke yake. Huvifunga kwenye kitambaa. Siku ya siku hukifungua kitambaa juu ya sufuria akiwa amewapa watu mgongo. Fundi aliyenifundisha alinipa mgongo miaka sita, na nilichojua nilikijua kwa pua.

Basi na mimi nikawapa watu mgongo. Hasa Saidi.

Saidi ni rafiki yangu, anaishi mtaa wa Forest na anafanya kazi kiwanda cha magari. Kwa miaka kumi na tano amekuwa mkata vitunguu wangu. Hukata vyembamba kama kucha za mtoto mchanga, hatoi chozi, na hunisifu mbele za watu. Mtu wa namna hiyo ukimpata, unamshika. Mimi nilimshika vizuri sana, mpaka nikasahau kwamba ana mikono miwili na kichwa.

Mwaka jana, kwenye soko la vitu vikuukuu, akanunua vitabu vitatu vya mapishi ya nyumbani ya Meksiko, vimeandikwa Kifaransa. Vilikuwa vya bibi mmoja marehemu aliyewahi kuishi huko, na pembeni mwa kurasa zake palijaa maandishi ya penseli: hapa ongeza maji, hapa usiharakishe, hii mume wangu hakuipenda. Saidi aliniambia alivinunua kwa sababu ya ile penseli.

Nilicheka wiki nzima. Meksiko niliyoijua mimi ilikuwa ya sanduku la supermaketi: maganda ya manjano yanayovunjika kabla hayajafika mdomoni na pakiti ya unga mwekundu. Nikamtania Saidi kwamba anunue na kofia pana kabisa, tumalize jambo.

Kisha akatualika, mimi na mke wangu, Mama Amina.

Nilikwenda na mizaha yangu tayari. Akaleta maharage yaliyopikwa kwa maji, kitunguu na chumvi tu, basi. Akaleta vichapati vidogo vya mahindi vilivyookwa kwenye kikaango kikavu, vikavimba mbele ya macho yetu kana kwamba vinavuta pumzi. Akaleta mchuzi mweusi wa pilipili kavu usiochoma hata kidogo, wenye harufu ya zabibu na tumbaku. Mizaha ikaniishia kwenye tonge la tatu. Mama Amina akaomba aongezewe. Huyu ni Mama Amina ambaye pilau yangu huomba kuongezewa wageni wanapotazama tu.

Hapo ndipo nilipoanza kuumwa.

Sijui kama wivu wa mtu wa miaka hamsini na mbili una jina lake. Wa kijana angalau unamkondesha. Mimi nilinenepa, maana kila Saidi alipotualika nilikwenda, nikala, nikarudi nyumbani na hasira na kiungulia. Watu wakaanza kumpigia simu yeye. Wakanisimulia mimi, mimi, jinsi maharage yake yalivyo matamu.

Siku moja nikamchokoza. Nikamwambia mwanamume wa Buyenzi kufundishwa kupika na kitabu ni sawa na kuoa kwa kutumia katalogi. Nilitegemea acheke kama kawaida yake. Alikuwa anakata vitunguu vyangu, hakuinua hata kichwa.

"Fundi, miaka kumi na tano nakukatia vitunguu na sijaona kile unachoweka kwenye kitambaa. Kitabu kimeniambia yote siku ya kwanza. Kitabu hakifungi kitambaa."

Nikamwambia vitunguu vimetosha.

Sasa ungamo la kwanza. Wiki ile ile nilikwenda maktaba ya komuni na kuazima kitabu cha mapishi ya Meksiko. Nilikisoma kwenye tramu nikiwa nimekificha ndani ya gazeti lile la bure, kama kijana na picha za haramu. Nilitaka kukuta upuuzi. Nikakuta kitambaa cha meza cha plastiki chenye maua, kama cha mama yangu. Nikakuta wanawake wenye aproni wakisaga pilipili kwenye jiwe, na majani ya maboga, na bibi aliyesema maharage mabichi hayaongezwi maji baridi, jambo ambalo mama yangu aliwahi kunichapa kwalo. Watu hawa sijawahi kuwaona na jiko lao nalijua. Iliniuma kwamba Saidi ndiye aliyeufungua mlango, na mimi nimebaki kuchungulia dirishani na gazeti langu.

Nilijaribu mara moja, mke wangu akiwa kazini. Kitabu kinasema pilipili kavu uzipitishe kwenye kikaango cha moto, sekunde chache, zikinukia uzitoe. Mimi situmii sekunde, natumia pua. Na ya kwangu, kumbe, haijui Kimeksiko. Moshi ule uliingia hadi kabatini. Jirani wa juu alishuka akikohoa. Mama Amina aliporudi nilimwambia ni kibaniko cha mkate. Akatazama kibaniko, akanitazama mimi, akafungua madirisha yote.

Basi Amina akamaliza masomo ya ukunga. Binti yangu wa pekee. Tukapanga karamu, na mimi nikaanza kuhesabu mchele kichwani kabla hata ukumbi haujapatikana. Jioni moja akaja kuketi karibu yangu, akanishika mkono, nikajua kuna jambo.

"Papa, pilau yako tunakulaka kila mara. Usikasirike. Naomba Tonton Saidi anipikie ile supu yake ya mahindi."

Nikasema, bon, hakuna shida. Nilisema vizuri sana. Nikaingia bafuni, nikafungulia maji, nikakaa pembeni ya beseni karibu nusu saa.

Supu yenyewe ni hivi. Mahindi meupe makavu huchemshwa kidogo na chokaa, chokaa hii hii watu wanayopaka kwenye tambuu, na Saidi aliinunua kwenye duka la Wahindi. Kisha moto unazimwa na mahindi yanalala humo humo usiku kucha. Asubuhi ganda linatoka kwa kusuguliwa na vidole, unaosha, unapika upya na nyama saa kadhaa, na kila punje inapasuka na kuchanua kama ua. Kitabu kilisema nguruwe. Saidi alifuta kwa penseli, akaandika kondoo, akaendelea. Nyama ilikuwepo, Iddi ilikuwa juzi tu na friza zetu zimejaa.

Jiko kubwa la gesi liko kwenye gereji yangu. Ijumaa, siku ya mapumziko, Saidi akaja, akachemsha mahindi yake na chokaa, akazima moto, akafunika, akarudi Forest. Jumamosi asubuhi akaja kuyasugua. Ganda halikutoka. Akasugua mpaka vidole vikawa vyekundu. Akayapeleka ukumbini hivyo hivyo, akayachemsha kwa saa tano. Mahindi yakabaki changarawe.

Mimi nilikuwa nimeleta pilau kidogo ya akiba. Kilo kumi za mchele.

Watu wakala pilau. Wakanisifu, wakasema la Fundi ni la Fundi. Saidi akasimama katikati ya ukumbi, bado amevaa aproni, akaomba radhi kwa Amina na kwa wageni wote. Akasema amekosea kipimo cha chokaa, mambo ya vitabu si ya kuyachezea. Watu wakacheka, wakampigia makofi ya huruma. Mmoja akamwambia arudi kwenye vitunguu.

Amina hakugusa pilau. Alijaza bakuli yale mahindi magumu, akaketi karibu na Saidi, akayatafuna mpaka la mwisho.

Tulipofika nyumbani Mama Amina alivua viatu, akakaa, akanitazama kama siku ile ya kibaniko. Akaniambia Ijumaa jioni alishuka gereji kuchukua soda. Akafunua sufuria, kwa umbea tu. Maji yalikuwa safi, anaona mpaka chini. Sasa anauliza: maji ya chokaa yanakuwa safi namna ile?

Nikasema, ah, niliona maji machafu, nikayabadilisha. Mpishi wa pilau huosha mpaka maji yang'ae, mikono imezoea, sikujua. Jibu zuri. Nilikuwa nimelitayarisha tangu Ijumaa.

"Baba Amina, ulichokuwa unasoma ndani ya gazeti miezi yote hii ni nini?"

Nikaenda kuzima taa ya jikoni, ambayo ilikuwa imeshazimwa.

Leo saa nne nimekwenda Forest. Sikwenda kwa ushujaa. Mama Amina aliniletea koti. Saidi alifungua mlango, hakunikaribisha ndani na hakunifungia. Nikamweleza palepale kwenye ngazi. Nilianza na habari ya mikono iliyozoea, nikaiacha katikati, nikamwambia ukweli. Alisikiliza huku akitazama bandeji kwenye vidole vyake. Miaka yote hii huniita Fundi. Leo aliniita kwa jina.

"Rajabu, mahindi, bon, nitanunua mengine. Lakini jana nimeomba msamaha mbele ya watu sitini kwa kosa nisilolifanya. Ule msamaha ni wangu. Nirudishie."

Nikamwuliza nitaurudisha vipi. Akasema hilo halimo kwenye kitabu chochote, akaaga kwa adabu, akafunga mlango taratibu.

Nimerudi kwa miguu mpaka kituo cha tatu cha tramu, bila mwavuli, nikijihurumia sana. Kisha nikachoka kujihurumia.

Hakika ya mambo ni hii. Ijumaa Saidi alipoondoka nilishuka gereji. Maji yalikuwa bado yanatoa mvuke, meupe kama maziwa. Nilijua kwa nini ni meupe. Ukurasa ule nilikuwa nimeusoma mara tatu: chokaa ndiyo inayovua ganda, mahindi yaachwe humo usiku kucha, bila hivyo hayatachanua. Nilibeba sufuria mpaka kwenye mtaro, nikamwaga. Nikaosha mara nne, kwa uangalifu, kama mchele wa harusi. Nikajaza maji ya bomba, nikafunika, nikaweka mfuniko ulivyokuwa, mshikio ukitazama mlango, ili asigundue. Kisha nikapanda juu kupima mchele. Sikusita hata mara moja. Ningesema nilisita ningejipamba.

Ninyi mliokuwa ukumbini jana, wengi wenu hupita hapa kwenye blogu yangu Jumatatu kazini, bosi akitazama pembeni, nawajua. Someni na wasomeeni wasiosoma. Saidi hakukosea kipimo. Chokaa ilikuwa nzuri. Mahindi yalikuwa mazuri. Mimi Rajabu, baba yake Amina, niliyamwaga maji yale Ijumaa saa kumi na moja na robo jioni, nikiwa nimevaa kandambili, nikijua ninachofanya, kwa sababu binti yangu alitamani chakula cha mtu mwingine.