Compte ya wakubwa

Mudogo wangu Assani,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikukute Basoko pamoja na watoto. Samaki ulituma na boti tulikula, tukakubariki.

Bon, shemeji yako haendelei vizuri, figo zinamuchosha, na sindano zake ni bei kali. Unakumbuka ile compte ya wakubwa alifungua kwenye bank? Kila mwezi bank inakata pesa yake, eti usipange foleni, ukae kwenye kiti laini ndani ya baridi ya climatiseur. Tena mutu akikufa, wanaleta sanduku na gari. Nikawauliza kule bank, Makiso: "Sisi Waislamu tunazika na sanda, sanduku ya nini?" Binti wa guichet, yule wa dirishani, akajibu: "Basi, mama, watakupa pesa mukononi."

Shemeji yako aliposikia, akacheka. "Acha sindano, Kadidja, lipa bank. Nikiwa muzima ninakula pesa, nikikufa ninaileta."

Nilisali, kisha nikaifunga ile compte bila kumuambia, kwa kuwa mimi ndiye ninasaini mahali pake. Pesa ile sasa inanunua sindano. Kila akichomwa anauliza imetoka wapi, na mimi ninamujibu ni wewe unatuma. Akikupigia simu, mudogo wangu, ukubali.

Dada yako anayekuombea,
Kadidja