Siku Hizi Mama ni Mama Salma

Mdogo wangu Salma,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Kifua cha shemeji kimepona? Na vumbi la Mkonze? Mimi ni mzima, ila huku Ujerumani baridi imeanza na ninavaa soksi mbili mbili.

Simu ya Jumapili haikukatika. Niliikata mwenyewe. Ulikuwa unamsuka mama, yule jirani mshona nguo akabisha hodi kwa "Mama Salma", na mama akaitika. Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa. Miaka yote ameitwa Mama Rehema, kwa ajili yangu. Nilikuonea wivu mpaka chakula kikanishinda.

Uliniuliza kazi yangu itamsaidiaje mama na huku kusahau kwake. Kutwa natazama kwa hadubini seli za neva na mitokondria zilizomo ndani, ndizo zinazoipa seli nguvu. Kwenye seli yenye afya, nyingi huwa ndefu, zinaungana na kugawanyika, kama tambi kabla hujazivunja. Kwenye magonjwa kama huu wa mama, mara nyingi tunazikuta zimekatika vipande, nyingine zimevimba, na nguvu haifiki vizuri kwenye ncha za mbali za neva. Kama kukatika ndiko kunakoleta ugonjwa, au ugonjwa ndio unaozikata, bado tunabishana. Kwa hiyo jibu ni kwamba kwa mama, kwa sasa, haimsaidii kitu. Kitana chako kinamtuliza kuliko shahada zangu zote, na hilo linaniuma.

Ndiyo maana nilikutumia ule ujumbe mkali, kwamba uwakataze majirani kuniibia jina. Ukanijibu kwa ujumbe wa sauti, kwa upole kabisa: "Dada, ni mimi niliyewaomba. Akisikia Mama Rehema, anatoka mpaka barabarani kukutafuta."

Nimeusikiliza mara nyingi. Nisamehe. Wivu haujaisha, sikufichi, ila sasa naona aibu nao.

Nimeomba likizo na nimekubaliwa, nakuja mwezi ujao. Nisalimie shemeji, mjomba wetu wa Mlali na mkewe, na huyo mshona nguo, mwambie sina neno naye. Waendelee hivyo hivyo na Mama Salma. Ila siku nikifika, nikiwa nimesimama pale barabarani, naomba umwite wewe kwa jina la zamani. Akitoka kunitafuta, anikute.

Dada yako,
Rehema