Mahudhurio ya Nyumba Namba Kumi na Nne

4 Februari

Mdogo wangu,

Habari za huko, na habari za magoti? Najua kazi ya vigae ni kupiga magoti kutwa nzima, kwa hiyo nayaulizia hayo kabla ya mengine. Sisi wazima. Mama ni yule yule. Asubuhi namtoa na kiti chake cha magurudumu hadi kibarazani, anasalimiana na kila apitaye, jioni namrudisha ndani. Miguu bado haimbebi, ila mdomo unafanya kazi ya watu watatu. Ule mteremko wa saruji uliomjengea likizo iliyopita haujapata hata ufa. Mtu akiusifia, Mama anasema, "Huo kaumwaga binti yangu kwa mikono yake."

Sasa habari yangu. Nilipochaguliwa katibu wa umoja wa mtaa ulicheka, ukasema wamenipa kwa sababu mimi ndiye mwenye meza. Haya, cheka tena. Halmashauri inatuchimbia mtaro mkubwa wa maji ya mvua, ule tuliousubiri tangu utotoni, tukipandisha magodoro juu ya kabati. Afisa mipango alikuja mwenyewe dukani kwangu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaniita "Ndugu Katibu" mbele ya watu waliokuja kupimwa nguo. Alitaka ramani ipitishwe na mkutano wa wakazi wasiopungua thelathini, na muhtasari umfikie kabla Januari haijaisha. Umemfikia kwa wakati. Mkutano ulifana sana. Nimekuwekea nakala humu ndani, pamoja na ramani, uone muhuri wetu mpya ulivyokaa.

Wasalimie mafundi wenzako.

Kaka yako,
Katibu wa Umoja

27 Februari

Kaka, shikamoo.

Magoti yanalia kidogo lakini yanaenda. Nami nakuuliza wewe, mgongo vipi? Mtu akishapata cheo huwa anaanza kutembea kifua mbele, mgongo ukaumia.

Nimesoma orodha ya mahudhurio mara mbili, kisha nikakaa juu ya ndoo ya gundi. Nyumba namba 14, jina la Mama, amehudhuria, ameafiki. Kaka, habari kubwa hivyo unaifichaje kwenye karatasi ya nyuma? Ukumbi wa mtaa una ngazi sita. Nazijua vizuri, jino langu la mbele lilibaki pale. Alizipandaje? Alishikwa mkono au alishika ukuta mwenyewe? Aliongea mkutanoni? Bila shaka aliongea, maskini mwenyekiti.

Nililia pale pale kazini. Msimamizi wetu, mtu ambaye hajawahi kucheka tangu nimjue, akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, mama yangu anatembea. Basi wote wakaacha kazi kunipongeza. Nimenunua fimbo ya kimo chake, yenye mpira chini isiteleze, nimempa dereva wa lori la vigae ailete.

Jambo moja la kifundi. Kwenye ramani kuna mstari wa nukta unaopita mbele ya nyumba namba 9 hadi 14. Nimepima kwa rula, naona kama unapita juu kabisa ya kibaraza cha Mama na mteremko wangu. Huenda nakala ilivutika. Hebu muulize huyo afisa wako. Ukishamwaga saruji kwa mikono yako unaionea uchungu.

Mpe Mama mkono wangu, wa kulia na wa kushoto.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika na fimbo imefika. Ni nzuri, imemkaa Mama mkononi. Anawaonyesha watu.

Kuhusu siku ya mkutano, ni maneno marefu. Watu walisaidia. Nakuomba usiitangaze sana huko, maana afya ya mtu mzima hupanda na kushuka, na kwa sasa anapumzika. Ramani ni mambo ya kitaalamu, afisa anasema palipo na shida patarekebishwa kazi ikianza.

Nina sare themanini za shule za kumaliza, ndiyo maana naandika kwa ufupi.

Kaka yako,
Katibu wa Umoja

9 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu nimelelewa, lakini leo imetoka kwa shida.

Wiki ya tatu hupokei simu. Jana nikampigia Mkunga wa namba 15, nikamwomba avuke ukuta ampelekee Mama simu kibarazani. Mama akaipokea, tukasalimiana, tukacheka, nikamuuliza siku ile ya mkutano alipandaje zile ngazi.

Akasema, "Mkutano upi, mwanangu?"

Nikamweleza. Akasema watu wa halmashauri wamepita na kopo la rangi, wamepiga alama nyekundu kwenye kibaraza na kwenye mteremko, vyote vibomolewe kupisha mtaro. Alipowauliza kwa ruhusa ya nani, wakamwonyesha karatasi yenye jina lake. "Nikawaambia basi itakuwa nilikubali, nimesahau," akasema. "Nimezeeka, mwanangu. Akili inanitoka."

Mama anajua siku ya kuzaliwa ya kila mtoto wa mtaa huo. Anajua mimi nilivunja sahani ipi mwaka gani. Eti akili inamtoka. Mkunga anasema tangu siku hiyo watu wanaongea naye polepole na kwa sauti kubwa, kama mtoto, na akiuliza swali wanakujibu wewe.

Nimepiga simu halmashauri. Wanaanza kuchimba tarehe 26 Mei. Wanasema mtaro ungeweza kupita nyuma, kando ya ukuta wa ghala, ni mzunguko kidogo tu, lakini wakazi wenyewe wamechagua mbele. Muhtasari unaweza kuondolewa na umoja ulioupeleka, kwa mkutano mwingine na barua ya katibu. Mimi siyo katibu. Ningekuwa katibu ningekuwa nimeshaandika.

Kibaraza kikienda, Mama anabaki chumbani akitazama dari. Hilo unalijua kuliko mimi, wewe ndiye unayemtoa kila asubuhi. Niambie kilichotokea. Na barua usiipige muhuri.

Mdogo wako

21 Aprili

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimie vipi. Mama hajambo. Mimi siyo mzima.

Siku ya mkutano mvua ilinyesha tangu mchana. Ukumbini tulifika watu saba. Mwenyekiti akaahirisha, akaenda zake. Afisa mipango alikuwa amepanga kunipitia kesho yake asubuhi, na mimi nilishamwambia mbele ya wateja, "Asubuhi utaukuta tayari, mkuu." Nikarudi dukani, nikafungua daftari, nikaupitia mtaa mzima kichwani, nyumba kwa nyumba. Hawa watu nawajua kwa vipimo. Namba 3 ni kiuno cha inchi thelathini na nane, namba 7 bega moja limeshuka. Nikaandika kila mtu amehudhuria, kila mtu ameafiki. Nilijiambia mtaro wanautaka wote, nani atakataa? Mwenyekiti alitia sahihi bila kusoma kwa sababu aliniamini.

Nilipofika namba 14 kalamu haikusita. Hilo ndilo linaloniumiza. Nilimwandika Mama kama nilivyowaandika wengine, miguu yake haikunijia akilini hata kidogo. Mtu niliyemrudisha ndani kwa mikono yangu siku ile ile.

Ramani niliitazama. Mistari ya nukta kwangu mimi ni mahali pa kupitisha sindano, nikadhani wanaonyesha ukingo wa barabara. Kuuliza niliona aibu. Katibu mzima nimuulize afisa maana ya nukta?

Sasa lile nililokuficha kwenye barua iliyopita. Walipomwonyesha Mama karatasi, nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama mlangoni nyuma yake, nimeshika kikombe chake cha chai. Nilimsikia akisema amesahau. Nikawasubiri waondoke, nikampa chai, nikaenda dukani kushona. Tangu hapo kila nikimtoa asubuhi namsukuma kwa nyuma ili tusitazamane. Jirani wakinisikitikia, "Pole, Bwana Katibu, mzee ameanza kusahau," naitikia asante. Naitikia asante, mdogo wangu. Nikiwa peke yangu nalikumbuka hilo neno natamani ardhi ipasuke.

Nimeandika tangazo la mkutano wa Jumapili ya pili ya Mei, nikiri mbele ya watu na tuondoe muhtasari. Liko mfukoni mwa shati siku ya nne leo. Kila nikifika kwenye ubao wa matangazo nakuta mtu amesimama.

Kaka yako

30 Aprili

Kaka,

Libandike.

Na mkutano usiuitishe ukumbini. Mama hapandi ngazi.

Mdogo wako

14 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu, na magoti yamepumzika. Mama hajambo, anakusalimu, maneno yake nitayafikia.

Nilibandika tangazo siku ile ile niliyopata barua yako. Mkutano tulifanyia mbele ya kibaraza. Watu walileta viti na vigoda, wengine walikaa kwenye mteremko wako. Walifika hamsini na wawili, na safari hii niliwahesabu. Afisa naye alikuja, akasimama pembeni amekunja mikono. Mama alikuwa kwenye kiti chake, ameshika fimbo yako, amejifunga kitenge kile cha kwenda hospitali.

Sikutoa hotuba. Nilisema muhtasari wa Januari niliubuni mimi, mwenyekiti hakujua, na sasa nasoma majina, kila mtu aseme alikuwa wapi. Namba 1 akasema hakuwepo. Namba 2 hakuwepo. Namba 3 akasema, "Nilikuwa kwenye kiti chako dukani, nasubiri mvua ikatike, ukaniambia mkutano umeahirishwa." Watu wakacheka, lakini siyo kicheko cha kunihurumia. Nikaendelea kusoma. Mwenyekiti hakuinua uso tangu mwanzo hadi mwisho, na yule ndiye aliyenishikia taa usiku wa msiba wa baba.

Nikafika namba 14. Nikasoma jina la Mama kwa sauti, mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa kusema mwenyewe kwamba hakuwepo, maana nilidhani hatakumbuka.

Mama akasema, "Sikuwepo. Nilikuwa kitandani. Mvua ilianza baada ya saa nane, ukanirudisha ndani mapema, ukaniwekea redio. Ulirudi umelowa, daftari umelifunika kwa fulana. Nikakuuliza mkutano umekwendaje, ukasema haukufanyika."

Hakusahau hata kitu kimoja, mdogo wangu. Alikuwa akijua tangu dakika aliyoonyeshwa ile karatasi.

Mkunga, aliyekuwa amemwekea mkono begani, aliuondoa. Karibu miezi miwili walikuwa wakimuuliza kama anajua leo ni siku gani, naye akiwajibu taratibu bila kukasirika.

Watu walipotawanyika nilipiga magoti mbele ya kiti chake. Nikamuuliza kwa nini aliwaambia amesahau. Hakuwa mkali. Akasema, "Mimi nikisahau, watu watasema ni uzee, yaishe. Wewe ungeambiwa umemwandika mama yako uongo, ungemshonea nani nguo mtaa huu?" Kisha akasema chai ya siku ile ilikuwa imepoa, aliinywa tu.

Nimeyaandika ili uyajue kama yalivyo.

Afisa amepokea barua ya kuondoa muhtasari. Kasema uchimbaji utasimama, wapimaji watarudi kuangalia njia ya nyuma, kando ya ghala. Hakuahidi. Alama nyekundu bado ipo, nimeisugua haitoki. Ukatibu wamempa Mkunga. Alinifuata dukani kuchukua muhuri na daftari, na hakuketi. Namba 7 amekuja kuchukua kitambaa chake bila kushonwa.

Ila nimalizie mkutano. Tulipopitisha uamuzi nikatoa karatasi mpya ya mahudhurio, nikampa Mkunga aizungushe. Mama akasema ianze kwake. Nikasema nitamwandikia, kisha nikasikia nilichosema. Akanyoosha mkono, akachukua kalamu, karatasi akailaza juu ya goti. Unajua vidole vyake vilivyo sasa. Herufi zilipanda na kushuka, moja alikosea akaikata akaiandika upya. Ilichukua muda mrefu sana, jua lilikuwa kali, na watu hamsini na wawili walisimama wakimsubiri amalize.

Kaka yako