Programu ya Vipimo Yahamia Chumba Chake

Jumatatu, 3 Machi

Mzee wa Nyaya,

Leo nimeharibu programu yako. Niseme haraka, nisije nikaghairi. Mwalimu wa darasa la kompyuta alitutaka tusakinishe kifurushi kipya cha programu, cha kuchora mitindo ya kola. Nikasakinisha. Kola imetoka safi — mviringo kama sahani! Kisha nikafungua ile programu uliyonitengenezea ya vipimo vya wateja. Maandishi mekundu, skrini nzima. Vipimo vyote vya kazi yangu ya ushonaji vimo humo. Na salamu uliyoiandika: "Umeshakunywa chai?" Miezi saba tangu uondoke, kila asubuhi imeniuliza.

Jumanne, 4 Machi

Mdogo wako, fundi wa kompyuta, amekuja kutazama. Akacheka hadi akashika meza. Ati programu yako ilitegemea toleo la zamani la kifurushi hichohicho, na mimi nimeleta jipya likalifukuza. "Shemeji, umewakalisha mafundi wawili kwenye cherehani moja!" Kila mradi, anasema, ujengewe mazingira pepe yake, kama chumba, vifurushi vyake visikutane na vya jirani. Nikamwambia hilo nalijua zamani: kitambaa cha kila mteja na mfuko wake, uzi wake, vifungo vyake. "Sasa kwenye kompyuta ulisahau nini?" Nikamkatia keki anyamaze.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejenga mwenyewe! Amri moja tu, folda ikatokea. Niliiita "mazingira". Baadaye nikaona jina limepoa mno, nikalifuta, nikaandika lako. Ikagoma kabisa.

Nikampigia mdogo wako. "Shemeji, ukishaijenga haibadilishwi jina! Ndani yake njia zote za kufikia mafaili zimeandikwa kwa jina la kwanza." Nikasema nilitaka kumpa heshima marehemu. Halafu, polepole: "Basi ifute. Ijenge upya kwa jina lake tangu mwanzo."

Nimejenga. Kisha nikasahau kuiwasha, yaani kuingia humo kwanza, nikasakinisha kila kitu nje, palepale pa zamani. Mara mbili!

Jumamosi, 8 Machi

Hukuacha orodha ya matoleo. Wewe! Uliyeandika hata tarehe ya kubadilisha balbu ya jikoni. Tangu asubuhi mdogo wako na mimi tunajaribu toleo mojamoja, tukirudi nyuma. La nne, wekundu. La tano, wekundu. Bibi harusi kaja kuulizia gauni lake. Nikamwambia vipimo vinatafutwa. "Si unipime tena, mama?" Nikasema ngoja kwanza. Kaondoka akinitazama kwa huruma.

La saba — imefunguka! Ila imeuliza kitu ambacho haijawahi kuniuliza: "Wewe ni nani?" Mdogo wako anasema inatafuta faili ulilolihifadhi. Ikinikuta humo, kila kitu kipo. Isiponikuta, inaanza upya, tupu.

Nimeandika jina langu. Nimebonyeza. Kiduara kinazunguka. Mdogo wako ameacha mzaha, ameshika kiti changu kwa nyuma.

Nikumbuke, mwenzangu.