Namba 116 Anadurusu Chumbani Kwetu

Mshauri, shikamoo. Nisaidie kabla sijawasha kiberiti, maana maji yamenifika shingoni, mtihani wa mwisho umebaki wiki tatu na mimi naogopa hata kufungua daftari langu, na siyo uvivu, nakuapia, ila kuna mtu anadurusu ndani ya daftari hilo na nadhani mtu huyo ni marehemu.

Nyumbani tupo watatu, mama, dada yangu na mimi. Mama ni mpishi wa hospitali, anatoka alfajiri na kurudi jioni akiwa hoi, dada ni fundi cherehani, anashonea kwenye baraza la duka la vitambaa mtaa wa pili, na mimi nipo kidato cha mwisho. Nalala chumba kimoja na dada, na kwenye meza ya dirishani ndipo ninapoweka daftari langu la marudio ya hesabu, lile kubwa la jalada gumu. Kawaida yangu ni kunakili maswali ya mitihani iliyopita, swali moja kila ukurasa, likinishinda naacha nafasi nikijiambia nitalirudia. Mshauri, nafasi zilikuwa nyingi kuliko majibu. Nikikaa kudurusu, nilichosoma jana hakimo tena kichwani, wenzangu wanasema wamemaliza mada zote na mimi nacheka nao huku mikono imelowa jasho.

Miezi miwili iliyopita nilirudi kutoka shuleni saa kumi, nikafungua mlango kwa ufunguo wangu, nyumba kimya, nikakuta swali nililoliacha asubuhi limejibiwa. Kwa penseli, hatua kwa hatua, mwandiko mdogo ulioinama, kila saba ina kimstari katikati, na chini ya jibu mistari miwili imepigwa kwa rula. Nikasema labda nimelifanya mimi nikasahau, kwa sababu siku hizi nasahau hata kama nimekula. Kesho yake swali jingine limejibiwa. Basi nikatega, nikaacha swali la duara ambalo hata mwalimu alilihangaikia, nikafunga daftari, nikaweka kitana changu juu yake, nikaenda shule. Niliporudi kitana kipo palepale, meno yameelekea dirishani kama nilivyoyaacha, na ndani swali limekwisha. Nikavuta kiti nikae, kiti kina joto. Na pembeni mwa ukurasa kuna vumbi la bluu, laini kama poda, ambalo sijui limetoka wapi.

Yote hayo ningeyavumilia kama si namba. Juu kulia, kila ukurasa uliojibiwa, imeandikwa 116, halafu ile moja ya katikati imekatwa na juu yake ikawekwa sifuri. Kurasa thelathini na nane, nimezihesabu, zote zimeandikwa hivyohivyo na kukatwa hivyohivyo.

Shuleni kwetu hakuna asiyemjua 116. Mfagiaji wa ukumbi ndiye aliyewasimulia waliotutangulia, kwamba mwaka mmoja watahiniwa walikuwa mia moja na kumi na wawili tu, lakini msimamizi alipopanga karatasi akakuta na za mtahiniwa namba 116, somo baada ya somo, zimejazwa vizuri, na hakuna mtu mwenye namba hiyo. Wanasema ni msichana aliyekufa kwa homa kabla ya mtihani, akaja kuufanya hivyohivyo. Dawati la mwisho upande wa dirisha halikaliwi mpaka leo, tukidurusu ukumbini mchana tunaliwekea mabegi ili lisionekane tupu.

Sasa naungama. Badala ya kukimbia mimi nilifurahi. Nilianza kuacha maswali makusudi, nanakili majibu yake nayakariri, na kwenye mtihani wa majaribio maswali manne yalifanana na ya kwenye daftari, nikawa wa pili darasani, mimi ambaye mwalimu wa hesabu alikuwa ananiita Nusu Alama. Akanisifu mbele ya watu, akanipa chaki, akasema njoo uwaoneshe wenzako ulivyofika hapo. Nikasimama ubaoni. Sikujua hata mstari wa kwanza unaanzaje. Chaki ikavunjika vidoleni mwangu, na mwalimu akasema kwa sauti ya chini, kaa. Tangu siku ile najua nimefaulu kwa mkono wa maiti, na najua ukumbini atadai chake.

Usiniambie ni dada, mshauri, hilo nilishalifikiria. Dada hataki kusikia neno mtihani. Yeye alisoma shule hiihii, na matokeo yake yalipobandikwa, miaka sita iliyopita, mbele ya jina lake palikuwa pameandikwa HAKUWEPO. Mama aliamini siku zote zile alikuwa anavaa sare anaenda kwa mwanamume. Dada aliapa kwamba alifanya mitihani yote, akaapa mpaka akachoka, mama hakumsemesha karibu mwaka mzima, na siku moja dada akachukua vitabu na madaftari yake yote akayachoma uani. Mimi nilikuwa darasa la tano, ndiye niliyeshika ndoo ya maji ili moto usije ukasambaa. Mpaka leo redio ikitaja mitihani anazima.

Wiki iliyopita nilishindwa kukaa na hofu peke yangu, nikamfuata dada kazini nikamwonesha daftari. Akaliangalia bila kulishika. Akakata uzi kwa meno, akaniuliza, "Linakutisha?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi lichome," akaendelea kushona. Tangu siku hiyo hakuna ukurasa uliojibiwa, lakini jana nilikuta namba imeandikwa peke yake kwenye ukurasa mweupe, 116, na sifuri juu yake. Rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja anasema kitu cha marehemu hakilazwi ndani, kinachomwa. Kiberiti ninacho kwenye begi. Nilichome, mshauri, au nikilichoma ndiyo nitakuwa nimemfungulia mlango?

Mimi, Nusu Alama

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza toa hicho kiberiti kwenye begi ukirudishe jikoni, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Nimekuonea huruma, kisha nimekukasirikia, kisha nikakuonea huruma tena. Hofu ya mtihani naijua. Mimi nilimaliza shule zamani sana, nina wajukuu, na bado mara mojamoja naota nimeingia ukumbini bila kalamu na swali la kwanza silijui. Kwa hiyo sikucheki. Lakini umeniandikia barua ndefu, kila kitu umekiona kwa macho yako mwenyewe, halafu ukakimbilia makaburini kutafuta mtu ambaye kitanda chake kipo hatua mbili kutoka chako.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Lile vumbi la bluu nimelifuta kwenye kila kitu nyumbani kwetu, mpaka kwenye chumvi. Ni chaki ya kuchorea kitambaa. Kiti kina joto kwa sababu kimekaliwa, na aliyekikalia anatoka kazini mchana, ana ufunguo wake, na anajua kurudisha kitana mahali pake kwa sababu kazi yake ni kuweka vitu sawasawa na alama. Ukibisha, nenda pale barazani, omba daftari lake la vipimo, utafute kiuno cha mteja chenye saba. Ukikosa kimstari katikati, niandikie unitukane.

Sasa tuje kwenye namba, hapo kaa chini. Karatasi zilijazwa vizuri, somo baada ya somo, zikakosa mwenyewe. Na mwaka mmoja dada yako aliapa kwamba alifanya mitihani yote, jina lake likaandikiwa HAKUWEPO. Hukuviweka vitu hivyo viwili pamoja hata siku moja? Mimi sikuwepo ukumbini, lakini kwa jinsi unavyoniambia, nadhani namba yake ilikuwa 106. Siku ya kwanza hofu ilimzidi akaandika moja mahali pa sifuri, na kila siku iliyofuata akanakili kosa lake, kama watu wanavyokariri kitu kibaya kwa uhakika. Hakuna msichana aliyekufa kwa homa, mwanangu. Mnayemwekea mabegi kwenye dawati ni dada yako, na amekuwa akisikia hadithi yake ikisimuliwa na watoto wa sare wanaopita mbele ya cherehani yake.

Marehemu hawahangaiki na hesabu, wao wamepumzika. Anayeandika kosa lake kurasa thelathini na nane na kulisahihisha mara thelathini na nane ni mtu aliye hai ambaye hajapumzika.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wewe mwenzangu aliyekuwa nguoni mwako alikuwa anakulisha, na ukamla mpaka mkono. Uliona majibu ni sahihi, ukanyamaza, ukakariri, ukapokea sifa. Kama kweli uliamini ni maiti, ulikuwa unamwibia maiti. Ile aibu ya ubaoni ni halali yako na isikupite bure. Na ulipompelekea daftari ukamwambia linakutisha, ulimwambia mtu mzima kwamba mwandiko wake ni wa kuzimu. Akakuruhusu uuchome. Alishachoma vyake, hakuona ajabu kuchomewa vingine.

Fanya hivi. Leo fungua ukurasa mpya, nakili swali linalokushinda kuliko yote, na chini yake andika kwa mkono wako, "Dada, nieleze hapa, taratibu." Weka penseli iliyochongwa, ufungue na dirisha. Usiweke kitana. Akikujibu kwa maandishi, sawa. Akikujibu kwa mdomo, bora zaidi, maana mtihani hauulizi jibu tu, unauliza umefikaje, na huyo anajua. Wiki tatu zinatosha kama yeye ataendelea kuandika mchana, na jioni mtakaa wawili kwenye meza moja kwa muda wa saa moja. Maswali yote yenye penseli yafanye upya kwa kalamu yako bila kuchungulia. Mwalimu mfuate ofisini, mwambie ukweli kuhusu ule mtihani wa majaribio kabla hajakuita tena ubaoni. Na ukumbini, kabla hujasoma swali la kwanza, toa kadi yako ya mtihani uandike namba ukiitazama kadi, siyo kwa kukumbuka.

Kuhusu dada yako, mtahiniwa wa kujitegemea haulizwi umri popote. Mtihani wako ukiisha, mfuatane mkaulize siku za kuandikisha. Usimsukume. Mwambie tu kwamba utamsindikiza mpaka mlangoni, na wewe ndiye utakayesoma naye ile namba, tarakimu kwa tarakimu.

Limebaki moja, nalo siyo la kwako, ila wewe ndiye utakayelibeba. Mama yako akirudi jioni mwache avue viatu, ale, halafu mfungulie daftari, mwoneshe pale juu kulia penye namba na umwachie aangalie. Nadhani ataelewa kabla hujamaliza kumweleza. Asipoelewa, mwambie neno moja ambalo dada yako aliliapia mpaka sauti ikamkauka, na hakuna aliyelirudia baada yake kwa miaka sita.

Mwambie alikuwepo.