Kadi ya Kulala Hotelini

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijatia saini, maana fomu imeletwa mezani mara mbili na mara zote mbili nimesingizia macho. Mimi ni fundi wa kufuli, nawafungulia watu milango waliyojifungia wenyewe, na kazi hii imenifundisha kwamba hakuna anayefunga wala kufungua kitu bila sababu, sasa benki yetu imeanza kutoa kadi za mkopo zenye zawadi, ukinunua sabuni unapewa pointi, ukinunua viatu unapewa pointi, nikamuuliza yule bwana wa benki, "Ndugu yangu, huruma hii mmeianza lini?" akacheka tu, na mimi mtu wa benki akicheka nashika mfuko.

Lakini shida yangu hasa ni mke wangu. Bwana yule alituwekea kadi tatu mezani, ya kwanza inakurudishia pesa kidogo kwa kila unachonunua, ya pili inakusanya pointi za tiketi za ndege, na ya tatu inakupa usiku wa bure hotelini, nami nikiwa bado nahangaika na maandishi madogo ya ile ya kwanza, mke wangu, mtu ambaye nyanya sokoni anaibonyeza mpaka muuzaji anaguna, akaweka kidole kwenye ile ya hoteli bila kuuliza hata swali moja! Nikamwambia, "Mama watoto, hoteli ya nini na kitanda tunacho?" Akasema, "Basi chagua wewe, baba watoto," akabeba mkoba wake akatoka.

Mshauri, huyu mwanamke anafanya kazi hotelini, yuko chumba cha kufulia, anakunja mashuka ya wageni kutwa nzima, sasa mtu anatoka hotelini anataka tena kwenda hotelini kulala, na nani? Nilirudi benki peke yangu kuuliza kama kitanda hicho cha bure ni cha mtu mmoja au wawili, nikaambiwa wawili, tangu hapo chakula hakishuki. Na kusema kweli nyumbani hana upweke, mama yangu amehamia kwetu tangu kifua kianze kumsumbua na analala na mke wangu kwa sababu anaogopa kulala peke yake, akikohoa mke wangu yupo hapohapo kumsugua mgongo, mimi nalala sebuleni kwa amani, na alfajiri mabinti zetu wawili wanamwamsha awasuke. Jana nilisimama nje ya hoteli yao nikijifanya natengeneza kitasa cha lango, mlinzi akanifukuza. Nimeshamwambia kaka yangu kwamba nikipata ushahidi namrudisha kwao. Nisaini nimtege, au nimfukuze kabisa?

*

Fundi, pole kwa chakula kisichoshuka. Sasa kaa vizuri.

Umefanya vyema kushuku, ila umemshuku asiyehusika. Benki haina huruma, ina hesabu: zawadi hizo zinalipwa na wanaochelewesha deni wakatozwa riba, na inakutarajia wewe mgeni wa kadi ujiunge nao. Umefunga safari mpaka benki kuuliza kitanda kinatosha watu wangapi, hukuuliza ada ya mwaka ni kiasi gani, pointi zinakufa lini, wala mtumie pesa ngapi ndipo huo usiku mmoja upatikane. Rahisi ghali, na bure ni ghali zaidi. Mtanunua televisheni ya pili ili mkalale bure.

Tuje kwa mkeo. Nimeisoma barua yako mara mbili nikimtafuta huyo mwanaume, sikumwona. Nimemwona bibi anayekohoa, mabinti wanaotaka kusukwa, na bwana mmoja anayelala sebuleni "kwa amani". Mtu anakunja mashuka watakayolalia wengine, anarudi nyumbani kukesha na mkwewe, halafu anaona karatasi imeandikwa usiku wa bure: ulitaka aulize swali gani? Mkeo hana hawara, bwana. Ana usingizi! Na wewe, badala ya kumpunguzia mzigo, unamvizia getini kama mdai. Huoni haya?

Kuanzia leo tandika godoro lako chini, kando ya kitanda cha mama yako. Ni mama yako, umsugue wewe. Usiniambie hujui, mikono inayobembeleza kitasa mpaka kikafunguka haiwezi kushindwa na mgongo.

Kadi ya hoteli irudishe, na ya ndege vilevile, kwani unaruka kwenda wapi? Chukua ile inayorudisha pesa, iwapo tu haina ada ya mwaka. Nunulia vitu mlivyokuwa mkinunua siku zote, na kila mwezi lipa bili yote. Kile kiwango cha chini cha kulipa kwa mwezi wanachokuandikia kama hisani ndicho mtego wenyewe. Mwezi ukikushinda, kadi ikae kabatini. Bwana wa benki akikujibu kwa kicheko, usisaini.

Nenda kwa kaka yako ukafute maneno uliyomwambia, kabla hayajamfikia mkeo.

Kisha toa pesa taslimu, umlipie mkeo chumba cha usiku mmoja, hoteli ambayo hafui mashuka yake. Msindikize mpaka mapokezi, umkabidhi begi lake, urudi nyumbani. Na usimpigie simu mpaka aamke mwenyewe.